Kifaa Kiko Tayari Kutumika

Mama Orpa alikuwa akimchapia mama mmoja wa kijiji cha Kashojwa ombi la kazi ya kufagia zahanati, pale kibodi ilipokataa herufi ya M. Baadaye kidogo ikakataa zote. Aliichomoa, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaichomeka tena. Kwenye kona ya skrini yakatokea maandishi madogo: Kifaa hakitambuliki. Kufika saa sita mchana kompyuta ilikuwa imeikana printa pia, na kipanya. Akamrudishia yule mama karatasi zake, akamwelekeza kwa jirani.

Chumba chake kilikuwa cha mabati, nyuma ya soko la Base Camp, na ndani mlikuwa na meza, benchi la wateja na betri ya sola. Alikifungua asubuhi peke yake, na jioni alikifunga peke yake akarudi Kashojwa kwa miguu. Mdogo wake Eliane alishapelekwa Kanada pamoja na watoto. Orpa alibaki kwa sababu jina lake katika ofisi ya wakimbizi lilikuwa limefungwa pamoja na la mumewe, Appolinaire, aliyerudi kwao Uvira kumwangalia mama yake mgonjwa na hakuonekana tena. Basi alilopanda, watu walisema, lilichomwa njiani na wenye bunduki. Orpa alilia, kanisa likaja kukaa naye kilio, na tangu hapo akawa mjane. Ofisi haikukubali. Ofisi ilisema familia hii ni ya watu wawili, na kama mmoja amekufa uletwe uthibitisho wa kifo. Pale lilipochomwa basi hapakuwa na mtu wa kuandika vyeti.

Kesho yake alikwenda mjini Mbarara. Huko, mtaa wa Nyamityobora, kati ya kinyozi na duka la mbolea, palikuwa na fundi mwanamke aitwaye Mbabazi, aliyefanya kazi na mtoto mgongoni. Alimsikiliza Orpa mpaka mwisho huku akikaza skrubu.

"Nyabo, hiyo mashine si mgonjwa," alisema. "Ni mzee tu. Ndani iko programu ndogo ya kiwanda, ndiyo inaamka kwanza kabla ya vitu vyote. Yako ni ya zamani sana, haijui vitu vya siku hizi. Tukiapdeti, itajua kila kitu yenye iko pamoja nayo."

"Kila kintu?"

"Kila kitu. Lakini usizime katikati. Umeme ikipotea katikati, mashine imekufa. Hakuna dawa."

Akamtilia programu mpya kwenye flashi, akamwazima kibodi ya kizamani yenye kichomeo cha duara, ambayo mashine nzee haiwezi kuikataa, kisha akamwandikia kwa kalamu kiganjani namba ya toleo, ili kazi ikiisha ahakikishe ndiyo hiyo inayoonekana.

Orpa alingoja jua la utosini. Alipanda benchi, akafuta vumbi kwenye paneli juu ya bati, akateremka, akachomeka flashi, akabonyeza alivyofundishwa. Skrini ikawa nyeusi. Ukatokea mstari mweupe ukaanza kutambaa, na juu yake maneno: Usizime kompyuta. Mstari ulipopita nusu, wingu lilikuja kutoka upande wa ziwa likakaa juu ya soko, na taa ya betri ikageuka nyekundu. Orpa aliweka mkono juu ya boksi la mashine kama mtu anayempima mtoto homa. Nje wanawake walianua nguo. Wingu likaenda zake bila kunyesha, mstari ukafika mwisho, kompyuta ikajizima, ikakaa kimya, ikajiwasha.

Alilinganisha namba na ile ya kiganjani. Ilikuwa yenyewe. Akaichomeka kibodi yake, ukalia mlio wa sauti mbili, wa chini na wa juu. Akaandika M. Akachomeka kipanya na printa, mlio ukalia kwa kila kimoja. Kisha, mikono yake ikiwa mapajani, mlio ukalia tena mara tatu.

Kifaa Bonaventure kiko tayari kutumika. Kifaa Madeleine kiko tayari kutumika. Kifaa kisicho na jina kiko tayari kutumika.

Bonaventure alikuwa baba yake. Madeleine alikuwa mama yake, aliyezikwa Kashojwa juu ya mashamba ya mahindi. Wa tatu alimwelewa baada ya kufikiri kidogo. Ni yule aliyemzaa mwaka waliofika kambi hii ya Nakivale, akatoka bila pumzi, akachukuliwa kabla mtu hajauliza ataitwa nani.

Orpa aliketi akingoja wa nne. Alidhani mashine inachelewa.

Mteja wa kwanza hakuwa mteja. Alikuwa Papa Léonidas, Mrundi mkulima wa maharage, ambaye kila siku ya soko aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye benchi na hakuchapisha chochote. Alipovuka kizingiti mlio ukalia.

"Imesema nini?" aliuliza.

Orpa alimsomea. "Kifaa Marcienne kiko tayari kutumika."

Léonidas alivua kofia, akaketi. Marcienne alikuwa mke wake. Alikufa njiani wakati wanakimbia, wakati yeye amerudi nyuma kutafuta mbuzi.

"Alikuwa tayari siku zote," alisema. "Mimi ndiye nilichelewa."

Habari zikaenea kama zinavyoenea habari za chumvi kushuka bei. Watu walikuja kutoa nakala za karatasi ambazo tayari walikuwa na nakala zake. Walisimama karibu na skrini, wakasubiri mlio, wakasoma au wakasomewa, wakasema "ndiyo" au "njo yeye," yaani ndiye, wakaenda. Malalamiko yalikuwa ya foleni tu. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye akiingia, mlio ulilia muda wa kuchemsha chai, na mashine haikuweza kuchapa kitu mpaka imalize. Waliokuwa nyuma yake walimwomba awe anakuja karibu na saa ya kufunga. Bibi akaona ni haki. Akawa anakuja saa ya kufunga.

Orpa naye alikuwa akipima. Kila alipopata nafasi alitoka nje, akahesabu pumzi chache, akaingia. Baba, mama, na yule asiye na jina. Alizima mashine, akaiwasha. Baba, mama, na yule asiye na jina. Akajiambia kwamba labda mtu aliyekufa mbali, pasipo kaburi, mashine haimfikii.

Ndipo akaingia Jocelyne, muuza ndizi, kutoa nakala ya kadi ya chanjo ya mtoto. Mlio ukalia. Kifaa Emery kiko tayari kutumika.

"Huyo ni kaka yangu," Jocelyne alisema.

"Yeye alikufia wapi?"

"Kwenye basi, Mama Orpa. Lile la Uvira. Lile alilopanda bwana wako. Hatukupata hata mfupa."

Printa ilitoa nakala, na hakuna aliyeichukua. Jocelyne alitazama kona ya skrini.

"Na wako hajaonekana?"

"Bado."

"Labda anachelewa."

"Labda," Orpa alisema.

Siku iliyofuata aliifunga kompyuta kwa kitenge, akaipakata mpaka Nyamityobora. Mbabazi aliifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha, na mlio ukamtaja bibi yake aliyemlea. Aliitikia kwa kichwa akaendelea na kazi. Alikagua toleo, akaendesha jaribio la kumbukumbu, akachomeka hiki na kuchomoa kile, akaiendesha tena. Mtoto mgongoni alilala.

"Iko sawa," alisema mwishowe. "Hakuna kosa. Kitu iko, inaona. Kitu haiko, haioni."

"Na mutu mwenye haimuone?"

Mbabazi aliweka bisibisi chini. "Nyabo, huyo hajafa. Iko mahali pengine na maisha yake." Akaichukua tena bisibisi. "Unataka nirudishe programu ya zamani? Naweza. Itanyamaza."

Orpa aliitazama mashine. Alifikiria bibi wa saa ya kufunga, na Jocelyne, na Léonidas akivua kofia.

"Aca hivi," alisema. "Ile ya zamani haikujua hata klavye ya kuandikia."

Mtu akisikia mumewe mzima hufurahi, na Orpa aliungoja ule wakati wa kufurahi. Aliungoja njiani, aliungoja nyumbani Kashojwa akimenya mihogo. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine. Akilini alimwona Appolinaire mahali fulani penye kivuli, mchana, ameketi, anakula, anaomba aongezewe chumvi. Njia ya Uvira ilikuwa imefunguliwa zamani. Kila wiki watu walikuja na magunia ya samaki wa ndagala, wakarudi. Namba yake ya simu Orpa hakuibadilisha kamwe. Base Camp nzima ilijua chumba chake kilipo. Basi lililoungua, mtu hawezi kulikasirikia. Mihogo ilichemka ikapita kiasi, akaila hivyo hivyo.

Wiki hiyo akaja Kabanda, karani wa ile ofisi, kuchapa kitu kwa sababu mashine zao zilikuwa zimekwama. Mlio ulimtaja mama yake, aliyezikwa Machi. Kabanda aliegemea ukuta wa bati, akavua miwani, akaivaa.

"Ni yeye," alisema. "Hata jina lake la nyumbani imeandika."

Orpa alimletea kiti. "Chef Kabanda, miye iko na neno. Minaonaka ya kama bwana yangu iko muzima."

"Umejua namna gani?"

"Hii mashini inaonaka benye bamekufa. Yeye haimuone. Ndugu ya Jocelyne, wa ile basi, anaonekana. Basi bwana yangu hakukuwa mu basi."

Kabanda alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na haraka.

"Mama, mimi naamini. Nimeona mama yangu hapa na macho yangu. Lakini hii kompyuta ni yako, si ya ofisi. Ofisi haiwezi kutumia."

"Basi nitafanya je?"

"Kama amekufa, unaleta uthibitisho. Kama iko hai, yeye mwenyewe akuje kwa ofisi, aseme anajitoa kwa familia yako. Halafu tunakutenganisha."

"Na kama hakuye?"

"Basi faili inangoja."

"Imekuwa inangoja."

"Ndiyo," Kabanda alisema. "Inaendelea." Akatazama tena kona ya skrini, ingawa maandishi yalikuwa yameshapotea, akachukua karatasi zake na kumshukuru.

Siku ya soko Léonidas alikuja akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mlio ulilia, Marcienne akatajwa, naye akaketi. Kwa muda walisikiliza spika ya kanisa ikijaribiwa ng'ambo ya barabara.

"Papa Léonidas," Orpa alisema, "miye niko na bwana."

"Nilijua."

"Ulijua siku gani?"

"Siku ile ya kwanza. Nilikuona umekaa unangoja. Mtu mwenye maiti yake hangoji hivyo." Aligeuza kofia mikononi. "Nilikuwa nimepanga kwenda kwa mchungaji wako kukuomba. Nimepanga tangu mvua za mwaka jana. Nilikuwa niko ninatafuta maneno."

"Na sasa?"

"Sasa wewe ni mke wa mtu."

Ilikuwa kweli katika kanisa, katika ofisi na katika mashine. Orpa alimuuliza kama ataendelea kuja. Léonidas akasema maharage yanataka kupaliliwa, ataona. Alisimama, akamsalimia kwa mikono miwili, akatoka, na mlio ulilia kinyume, wa juu kwanza halafu wa chini, kama unavyolia kitu kinapochomolewa. Siku ya soko iliyofuata hakuja. Na iliyofuata pia.

Kanisani, Mama Larissa, kiongozi wa wajane, alimkumbatia Orpa mlangoni na kumwambia kwa upole kwamba benchi la mbele ni la wajane. Orpa akamuuliza wake wa watu wasiorudi huketi wapi. Mama Larissa alitazama huku na huku ndani ya kanisa, kwa nia njema kabisa, na hakupata mahali. Orpa akaketi nyuma karibu na spika, ambapo watu hawapendi kukaa.

Ulipofika wakati wa maombi, mchungaji aliwaita wenye mahitaji waje mbele. Orpa alikwenda. Miaka yote aliombewa faraja ya mjane, na mchungaji alikuwa ameshaweka mkono kichwani pake na kuvuta pumzi ya kuanza, Orpa alipomzuia.

"Niombee bwana yangu," alisema.

"Tumuombee nini, mama?"

Orpa alifikiri. Kumwomba Mungu amrudishe mtu ambaye njia iko wazi na haji, aliona ni kumsumbua Mungu.

"Afya," alisema. "Yeye, na bantu ba nyumba yake."

Mchungaji akaomba hivyo, kwa sauti kubwa, akitaja jina la Appolinaire mara nyingi na kuzitaja kuta za nyumba yake, mlango wake, mke na watoto wa nyumba hiyo, mmoja mmoja, bila kuwajua. Kanisa likaitikia Amina. Orpa naye akaitikia.