Tawi la Njia Panda

Kwetu huku milimani, juu ya mji wa Trieste, mtu akifungua pipa la divai yake hutundika tawi bichi njia panda. Tawi likiwapo, mlango u wazi: karibu ule mayai na paja la nguruwe, unywe mpaka uanze kuimba. Mashati meusi, chama kinachotutawala kutoka Roma, walitunyang'anya shule, majina, hata maandishi ya makaburini, lakini desturi hii waliiacha. Na wao wanakunywa, ati.

Asubuhi ile Pavla alitundika tawi lake, wala hakuwa na haja ya wateja. Alikuwa anamwita mwanawe.

Miaka hamsini ilikuwa imepita tangu mashati meusi waingie Roma. Vita vikubwa vya Wajerumani vilipowaka, Kiongozi wa siku zile alikaa pembeni kama paka jikoni. Wenzake wakaungua, yeye akanenepa. Akafa kitandani mwake, akaja mwingine, kisha mwingine, wote kidevu juu. Na vita vya Uhabeshi, ambavyo redio ilitangaza kila mwaka kwamba vimekwisha, kila mwaka vilitaka vijana wapya. Stojan, mwana wa Pavla, alipelekwa huko. Aliporudi likizo hakula siku mbili, kisha akasema, "Mama, mimi huko sirudi. Heri waniue hapa hapa." Akaingia msituni na nguo zake za jeshi. Mtoro akikamatwa ni risasi, hakuna kesi.

Jioni ile mtu angemvusha mpaka, lakini si katika sare ya jeshi. Ilibidi aje nyumbani mara moja, abadili nguo, ale. Pavla alikuwa amemwambia, "Kengele ya adhuhuri ikilia, tazama njia panda. Ukiliona tawi, njoo. Usipoliona, usije hata kama unakufa njaa." Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Siku hizo hata ukuta ulikuwa na ndugu serikalini.

Kabla ya adhuhuri wakaingia askari watatu. Mbele yao Koplo Nardone, mtu wa kusini, mpenda utani na mpenda nyama.

"Mama, tumeliona tawi," alisema akivuta benchi chini ya mizabibu. "Au linakaribisha wengine tu, sisi hapana?"

"Tawi halichagui, koplo. Kaeni."

"Na kijana wako? Hajambo?"

"Mnaniuliza mimi? Si nyie mliomchukua?"

Koplo akapiga meza kwa kicheko. "Mama huyu ana ulimi! Haya, lete divai kabla hujatung'ata."

Pavla aliwamiminia. "Vitunguu vimekwisha," akasema. "Nakwenda kung'oa sasa hivi." Akachukua kikapu, na alipopita kona ya nyumba akakimbia kama msichana. Njia panda hapakuwa na mtu. Akalitoa tawi, akalitupa nyuma ya ukuta wa mawe, akang'oa vitunguu vichache njiani, akarudi. Alipoketi kuvimenya roho ilikuwa imemrudi mahali pake. Hata utani mmoja wa koplo ulimchekesha, Mungu amsamehe.

Ndipo akaja mzee Drejče, jirani yake, aliyemshika Stojan siku ya ubatizo.

"Pavla!" aliita tangu langoni. "Bila mimi wewe ungefilisika, mwanangu. Unauza divai, tawi liko kwenye majani!"

Kisu cha Pavla kikasimama.

"Upepo huo, au watoto. Nimelitundika tena. Na nimelifunga kwa waya, sasa haling'oki hata waje ng'ombe wawili. Haya, glasi yangu iko wapi?"

Desturi ni hiyo: akutaye tawi limeanguka hulirudisha mahali pake, na mwenye nyumba humpa glasi ya bure. Hakuna mtu wa kwetu angelipita. Drejče angejikata mkono kwa ajili ya Stojan, na mkono huo huo ndio uliofunga waya. Pavla alitamani kumlilia, alitamani kumpiga. Akammiminia, divai ikamwagika mezani.

"Asante, mzee," alisema. Akainuka. "Nimesahau kitu shambani."

Koplo akamshika kiwiko, kwa upole kabisa. "Mama, kaa basi. Nenda rudi, nenda rudi, unatutia kizunguzungu. Tukimaliza utakwenda."

Kengele ikaanza kulia.

Askari walikuwa wameipa njia mgongo. Pavla aliikabili, na kila mlio wa kengele ulimpiga kifuani. Kwa kitambo hapakuwa na kitu, akaanza kuamini kwamba labda Stojan amelala huko msituni, labda anaumwa. Alimwombea mwanawe homa. Kisha akakiona kichwa chake juu ya ukuta wa mawe, nywele zimekuwa ndefu, anatembea upesi na anatabasamu. Mizabibu ilimzibia meza. Hatua chache zaidi na angeingia langoni.

Pavla akainua mtungi kwa mikono miwili, akampasulia koplo kichwani.

"Mbwa nyie!" akapaza sauti, kwa lugha yetu iliyokatazwa, ili isikike mpaka msituni. "Mbwa, mashati meusi, mtoke nyumbani kwangu!"

Wakamrukia. Kitako cha bunduki kikampata begani, cha pili mbavuni, akaanguka baina ya mabenchi. Macho yote yalikuwa kwake, na hilo ndilo alilolitaka. Drejče alisimama na glasi yake akilia, "Pavla, umepatwa na nini? Pavla!" Kutoka chini, baina ya miguu ya watu, Pavla aliona lango, na mwanawe amesimama hapo, tabasamu limekwisha. Msitu ulikuwa nyuma yake, na hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amegeuka. Nenda, alimwomba moyoni. Nenda, baba, mimi si kitu. Kimbia.

Kitako kikashuka tena, na safari hii alishindwa kuzuia kilio.

"Mwacheni mama yangu!" Stojan akaruka lango, mikono mitupu, katika sare yao wenyewe.

Askari wawili wakamwelekezea bunduki. Koplo Nardone alijipangusa damu na divai usoni, akamtazama kijana, kisha mama.

"Kumbe," alisema. "Na sisi tulikuja kunywa tu."