Mkono wa Mama Filister

Mama mkwe wangu, Mama Filister, alikuwa amemshika kuku kwa miguu, akimwendea chatu polepole, kichwa kimeinama kama mtu anayeingia kanisani.

Huku kwetu Kendu Bay chatu akiingia bomani hauawi. Ni mgeni aliyeleta mvua. Hupewa kuku, kisha huondoka apendapo. Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa magotini, na Mama Filister alikuwa ameomba mpaka sauti ikampotea. Alipomkuta chatu huyu amejikunja kando ya ghala, alilia kwa furaha.

Mimi nilimjua chatu huyo kwa kiraka cheupe cha shingoni. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi Homa Bay, kwenye banda la nyoka la Mokua, bwana mcheshi aliyependa kuona watalii wakishangaa. Alimpandisha dume wa chatu wetu wa ziwani kwa jike aliyetoka Asia. Wakazaliwa machotara wenye kiraka cheupe shingoni, wasiomwogopa mtu hata kidogo. Tuliwalisha kwa mkono. Mmoja alipotoweka, Mokua alituambia eti amekufa, na sisi tukanyamaza kwa sababu kazi ni kazi. Chatu wa porini humkimbia mtu. Huyu akiona mkono, anajua chakula kimefika.

"Mama, simama hapo hapo," nikasema. "Huyo si wa mvua."

"Nyar Suna," akanijibu bila kugeuka, maana nilizaliwa Suna na ndivyo anavyoniita tangu niolewe, "wewe ni nani wa kumchagulia Mungu mjumbe?"

Akamwachilia kuku. Kuku akapita mbele ya pua ya chatu akipigapiga mabawa. Chatu hakumjali. Aliutazama mkono.

Nilifungua leso kiunoni, nikamfunika chatu kichwa jinsi tulivyofanya bandani, nikamlalia shingo huku nikipiga mayowe. Majirani walinisaidia kumtia guniani, na watu wa wanyamapori wakaja kumchukua. Jioni mvua ikanyesha. Mpaka leo Mama anaamini nilimfukuza mgeni wake.

Mwaka huu mvua imekawia tena. Juzi nilishuka mtoni kuchota maji, nikakuta chatu wachanga wakiota jua kwenye matete. Shingoni wana kiraka cheupe. Nilipiga ndoo kwa nguvu ili watawanyike, lakini hawakusogea. Ng'ambo ya mto, mama mmoja nisiyemjua alikuwa akiteremka na kuku mkononi, akiimba.