Angel Hakuacha Hesabu

Mwantumu alipofika chuo kikuu pale Korogwe kuanza shahada ya ualimu, alikuwa na miaka arobaini na tatu, mume, watoto watatu, na ruhusa ya masomo kutoka shule ya msingi aliyokuwa akifundisha Handeni. Alikuwa pia na chupa ya chai, mkeka, na haya tele. Mlinzi wa getini alimpokea mzigo, akamuuliza mwanawe yuko wapi amwelekeze bweni. Mwantumu akajibu kwamba mwanafunzi ni yeye mwenyewe.

Bweni lilikuwa limejaa, akapangiwa chumba kimoja na binti wa Mnyuzi aliyeitwa Angel. Angel aliinuka kitandani, akatoa shikamoo, akautandika ule mkeka mahali pake, na kabla jua halijazama alikuwa ameshaamua kumwita mama mdogo.

"Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne," alisema huku akikung'uta shuka, "na hakuwa na mdogo wa kike. Kwa hiyo nafasi iko wazi."

Mwantumu akacheka, akaichukua nafasi.

Angel alikuwa anasomea ualimu wa hisabati, msichana pekee katika darasa zima la wavulana. Alfajiri, Mwantumu akiamka kuswali, alimkuta yule mtoto amekwisha kukaa na karatasi zake, anakokotoa huku akiguna kidogo kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Mwantumu naye kilichokuwa kinamtesa ni somo la takwimu. Jioni Angel alimfundisha kwa kutumia maharage, kwa sababu Mwantumu alikiri kwamba herufi za Kigiriki zilimtisha lakini maharage aliyazoea. Naye akalipa kwa kumsuka nywele na kumpikia kisamvu, maana Angel akiwa na hesabu ngumu alisahau kula.

Kila Ijumaa Mbaruku, mume wake, alipiga simu kutoka nyumbani kwao Chanika, hapo hapo Handeni. "Mwanafunzi hajambo? Umefanya kazi ya nyumbani?" Kisha alisimulia jinsi alivyounguza ugali tena, na Angel, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitanda cha pili, alizika uso kwenye mto asisikike akicheka.

Ilikwenda hivyo mwaka mzima. Katikati ya mwaka wa pili, zile karatasi za alfajiri zikatoweka mezani.

Mwantumu aliamka akamkuta Angel amelala, ameelekea ukutani. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Hatimaye binti akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba anataka kuomba kuhamia Kiswahili. Hisabati imemshinda.

"Imekushinda lini?" Mwantumu akauliza. "Jumapili ulikuwa unaguna hapo mpaka uji ukapoa."

Angel akavuta shuka. Mwantumu hakumkaba. Miaka ishirini ya kukaa na watoto ilikuwa imemfundisha kwamba swali likisukumwa sana, jibu hurudi ndani. Akachemsha chai, akamkalisha chini, akaanza kumfumua nywele na kumsuka upya. Katikati ya kichwa, huku amempa mgongo, Angel akasema.

Ni Daktari Shukuru, mhadhiri wao wa hisabati na takwimu. Alikuwa amezuia alama za mitihani yake ya darasani. Angel alipokwenda ofisini kuuliza, akafunga mlango, akamshika kiuno, akamwambia mambo hayo yanazungumzika vizuri zaidi Mombo, Jumamosi, kwenye nyumba ya wageni anayoifahamu. Angel akautoa ule mkono, akakataa. Daktari wala hakukasirika. Alitabasamu, akamwambia hesabu si mambo ya wasichana, na kwamba msichana yeyote unayemwona amefaulu hesabu ana mtu aliyemshika mkono. Wiki iliyofuata alama zilitoka, na Angel alikuwa amefeli.

Vidole vya Mwantumu vilisimama. Daktari Shukuru ndiye aliyemfundisha yeye kutumia kompyuta, akamvumilia alipofuta kazi yake yote kwa bahati mbaya. Alikuwa akimwita "mama yetu" mbele ya darasa. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Labda hukumwelewa vizuri, mwanangu?"

Angel hakugeuka. Alisema tu, "Labda," akajifunga kanga kichwani ilhali nywele zimesukwa nusu, akapanda kitandani.

Mwantumu hakulala sawasawa. Haikuwa shaka tena iliyomkosesha usingizi. Ilikuwa lile neno "labda" alilorudishiwa. Kulipokucha alikaa ukingoni mwa kitanda cha Angel.

"Jana nilikujibu vibaya," akasema. "Nilimtazama yeye, badala ya kukutazama wewe. Nakuamini. Nisamehe."

Angel akakaa. Alilia kwa muda, kilio cha mtu aliyechoka kubeba, na Mwantumu akamwacha alie, kisha akamalizia ile nusu ya nywele iliyobaki.

Chuoni palikuwa na dawati la jinsia. Wote walikuwa wameona kibao chake mlangoni, jirani na maktaba, lakini Mwantumu hakuwahi kumwona mtu akiingia. Aliyelisimamia alikuwa Mwalimu Rukaya, mwanamke mfupi, mtulivu, ambaye jambo la kwanza alilofanya ni kumuuliza Angel kama angependa mama huyu abaki au asubiri nje.

"Abaki," Angel akasema. "Ni mama yangu mdogo."

Rukaya alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuuliza alikuwa amevaa nini wala kwa nini alikwenda ofisini peke yake. Kisha akamweleza njia ilivyo. Malalamiko ni ya Angel, na hakuna atakayeyapeleka mbele bila yeye kutaka. Akitaka, kamati itaundwa na Daktari ataitwa ajibu, maana naye ana haki ya kusikilizwa. Wakati huo huo Angel atahamishiwa kwa mwalimu mwingine, na karatasi zake zitasahihishwa upya na watu wawili wasiojua ni za nani. Mtu yeyote akimtisha kwa sababu ya kusema, hilo nalo ni kosa peke yake.

"Na baba yangu?" Angel akauliza. "Mtamwambia?"

"Wewe ni mtu mzima. Hatumwambii mtu asiyehusika."

Angel akatafakari, akitazama mikono yake. "Basi nitamwambia mwenyewe. Mnyuzi maneno yanatembea, sitaki ayasikie kwa watu. Lakini atanitoa chuo."

Angel alitia sahihi malalamiko, na wakapanga kwenda Mnyuzi pamoja Jumamosi. Kabla siku hiyo haijafika, Daktari Shukuru alikuwa ameshapelekewa taarifa kwamba analalamikiwa. Alimkuta Mwantumu kwenye korido baada ya kipindi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

"Mama yetu, wewe ni mtu mzima, unajua hasira za mabinti. Mshauri mwenzako aliondoe hili jambo. Na takwimu zako, nimeziona. Haziko vizuri. Tunaweza kusaidiana."

Mwantumu alipiga hesabu. Akifeli takwimu angerudia mwaka, na ruhusa yake ya masomo haikuwa ya kuvutwa kama mpira. Akaishika mikanda ya mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "takwimu nitarudia. Hata nikizeeka humu humu ndani, nitarudia."

Akaondoka, akakunja kona, akakaa kidogo kwenye ngazi. Halafu akaenda kwa Rukaya, akayaeleza maneno yale yote kama yalivyosemwa.

Mnyuzi walifika mchana. Baba yake Angel, Bonaventura, alikuwa uani kwake, si mbali na reli, anapukuchua mahindi. Babu yake Angel alikuja zamani kutoka Songea kukata mkonge, shamba la mkonge likafa, familia ikabaki na jembe. Bonaventura alikuwa mwembamba, mpole wa maneno. Aliitikia shikamoo ya bintiye, akamkaribisha Mwantumu kwenye kigoda kizuri, akawatazama kwa zamu.

"Mama," akasema, "umeniletea mtoto, au umeniletea habari?"

"Habari anayo mwenyewe," Mwantumu akajibu.

Angel alisimulia. Mwanzoni baba aliendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo moja moja. Binti alipofika kwenye mlango uliofungwa, mikono ikasimama. Aliposema habari ya Mombo, Bonaventura akauweka ungo chini polepole, akaingia ndani, akatoka na viatu. Akavaa kimoja.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Korogwe."

"Kaa, baba." Angel hakuinua sauti. "Ukimgusa yule mtu, kesi itakuwa yako na yake. Watu watazungumza habari ya baba aliyempiga daktari. Mimi nitasahaulika, na yeye atahurumiwa."

Bonaventura alisimama na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hatimaye mzee akakaa kwenye gogo.

"Ulidhani nitasemaje?" akamuuliza bintiye.

"Kwamba basi, rudi nyumbani."

"Nikurudishe ufanye nini? Mwizi kaingia, halafu tumfukuze mwenye nyumba?" Alitazama kile kiatu kana kwamba hajui kilifikaje mkononi. "Mama yako alipokwenda, sikujua hata kukusuka nywele. Nilikaa kwa jirani zetu wanawake, wananicheka, mpaka nikajua. Na hili silijui. Niambie linavyofanywa, nitajifunza."

Mwantumu akajifanya kuangalia kuku.

Siku ya kamati Bonaventura alikuja Korogwe na shati lake la kanisani na mfuko wa machungwa. Hakuruhusiwa kuingia, naye hakubishana. Alikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, akamenya machungwa, akampa katibu, akampa mlinzi, akampa kijana aliyepita tu. Mwantumu aliitwa kuwa shahidi. Aliwaeleza maneno ya korido, akaeleza karatasi zilizotoweka mezani alfajiri.

Daktari Shukuru alijitetea kwamba binti amefeli, sasa anatafuta pa kuangukia. Ndipo zikaletwa karatasi zilizosahihishwa upya. Wasahihishaji wawili, kila mmoja kivyake, walikuwa wamempa Angel alama za juu kuliko nusu ya darasa. Na baada ya hapo akaingia msichana wa mwaka wa tatu aitwaye Munira, ambaye hakuna aliyemtafuta. Alisikia dawati linafanya kazi, akaja mwenyewe. Alisema naye alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Alihamia jiografia mwaka wa kwanza, na hakuwahi kumwambia mtu sababu, kwa kuwa aliamini yuko peke yake.

Angel alipotoka nje, baba yake alisimama.

"Imekuwaje?"

"Nimesema yote," Angel akajibu. "Machungwa yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki mawili. Akala yote, amesimama, maji yakimchuruzika kidevuni, na baba yake akamfuta kwa kitambaa kama mtoto wa chekechea, wala Angel hakumzuia.

Uamuzi ulichelewa, tena ulichosha. Mwishowe Daktari Shukuru aliachishwa kazi, na chuo kikapeleka shauri kwenye vyombo vya sheria, kwa kuwa kudai mwili wa mwanafunzi ili umpe haki yake ni kosa la jinai. Shauri hilo bado linaendelea. Wapo waliomnunia Angel na kusema ameharibu maisha ya mtu mwenye watoto. Kuna siku alirudi chumbani amechoka na maneno hayo, Mwantumu akamwambia maisha ya yule mtu aliyaharibu mwenyewe, kisha akampakulia chakula, maana maneno peke yake hayashibishi.

Mambo kadhaa yalibadilika. Alama za darasani zikaanza kubandikwa kwa wakati, na mwenye shaka anaomba kusahihishiwa upya bila kumpigia mtu magoti. Walimu wanazungumza na wanafunzi milango ikiwa wazi. Wiki ya kupokea wageni wa mwaka wa kwanza, Rukaya huwakusanya wote, wavulana kwa wasichana, akawaonyesha mlango wa ofisi yake na kuwaambia wanachopaswa kutegemea wakiingia. Munira alirudishiwa nafasi ya kusoma hisabati kama angetaka. Alifikiri, akasema hapana, jiografia ameshaipenda, ila ameshukuru kuulizwa.

Mwantumu alifeli takwimu kweli, lakini aliruhusiwa kurudia mtihani tu, si mwaka, kwa mwalimu mpya. Akapita kwa shida, kwa alama za kuchungulia dirishani. Alipompigia Mbaruku, mume akasema, "Nimekuwa nikiwaambia watu hapa Chanika kwamba mke wangu anasoma. Leo naomba niwaambie anasoma takwimu." Safari hii hakuwa anatania.

Likizo ilipofika alimchukua Angel akae nao Handeni siku chache kabla ya kwenda kwa baba yake. Mbaruku alikataa kabisa mtu yeyote asaidie jikoni. Alipika wali, maharage ya nazi na kuku, akaandaa mwenyewe, akakaa pembeni akiwatazama wanavyokula, mwenye wasiwasi wa mtahiniwa.

"Sema kweli, binti yangu," akamwambia Angel. "Kimeungua?"

Angel akaonja tena, akafikiri, akaguna kidogo.

"Chini, kidogo sana, baba," akasema. "Lakini niongeze."