Sentimita Saba

Siku ya kumi na tisa ya likizo yangu niliingia tena chini ya gari la marehemu baba na futi kamba mkononi. Nikapima kutoka ardhini hadi kwenye bamba la chini ya gia, nikapata sentimita thelathini na mbili. Tulipoanza zilikuwa thelathini na moja. Yaani wiki tatu za kelele, grisi na ahadi, na kaka yangu alikuwa amelinyanyua gari kwa sentimita moja.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mvumilivu. Kazi yangu ni kupima ardhi, na katika kazi yangu mpaka uko hapa au hauko hapa. Mtu akiniambia "karibu tunamaliza" huwa namuuliza saa ngapi. Kaka ananiambia "karibu tunamaliza" kisha anatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Shida yenyewe haikuwa kubwa. Mama alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo yuko kwa kaka, mwezi wa tatu sasa. Daktari alishamruhusu arudi nyumbani, mradi asirushwerushwe njiani. Na Mama ana neno moja tu asubuhi na jioni: kwangu. Anataka mlango wake, kitanda chake na bustani yake ya mboga ambayo jirani anaimwagilia kwa kusuasua. Lakini kabla ya kufika kwake barabara inakatwa na ngazi ya mwamba. Madereva wa kukodi wakiiona tu wanageuza. Gari la baba zamani lilikuwa likiipita, ila siku hizi springi zimechoka, na magurudumu ya mbele yakishavuka, tumbo linakalia jiwe. Niliupima ule mwamba mwenyewe, nikajua tunahitaji sentimita thelathini na nane. Sentimita saba zaidi, basi. Tulipotaja machela Mama alikuja juu, akasema atabebwa tena siku ya kuzikwa, na si kabla.

"Siku mbili tu, mdogo wangu," kaka alikuwa ameniambia kwenye simu. "Tena kwa bei ya bure. Vyuma chakavu ninavyo tele."

Ndiyo maana nikachukua likizo. Nilimwamini, kwa sababu kaka ni fundi magari mwenye gereji mbele ya nyumba yake, na si fundi wa kubahatisha. Wateja wanamwita Milimita. Huyu ni mtu anayefungua nati kumi na mbili na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyokuwa, na ole wako upite karibu na gazeti hilo.

Wiki ya kwanza alinyanyua upande wa nyuma tu. Aliongeza urefu wa vile vishikio vinavyoning'iniza springi, akashusha jeki, na gari likainamisha pua chini na kuinua makalio juu. Watoto wa mtaani walisimama kucheka.

"Na mbele?" nikauliza.

"Mbele kunakuja."

"Kunakuja kutoka wapi, Kaka? Si mbele ya gari hilihili?"

Akaanza kutafuta kitambaa. Wifi yangu, mkewe, alipita na ndoo ya nguo akaninong'oneza, "Wifi, utapasuka mshipa bure. Huyo mimi niko naye miaka kumi na nane."

Wiki ya pili aliokota majani ya springi kwenye lori bovu lililooza nyuma ya gereji. Hivi ni vyuma bapa vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na ndivyo vinavyobeba uzito wa gari. Akachomeka moja kila upande, mbele na nyuma. Gari likapanda kweli. Nikapima nikapata arobaini na moja, nikapiga vigelegele peke yangu pale uani. Nilikwenda ndani kumwambia Mama afunge mizigo yake, naye akaanza kukunja khanga zake palepale kitandani.

Tukalijaribu. Lile jani lilitengenezwa kubeba tani za saruji, na gari letu lilikuwa limebeba watu wawili waliokasirikiana. Springi hazikubonyea hata kidogo. Tukipita juu ya kokoto, gari linaruka. Tukipita tuta, kichwa changu kinagonga paa. Niliporudi nilikuwa nimeuma ulimi, na nikaenda kumwambia Mama afungue mizigo. Alizitoa khanga moja moja akazirudisha kabatini, na hilo liliniuma kuliko ulimi.

Wiki ya tatu ndipo alipokuja na busara ya mchanga. Eti gari likipata uzito litatulia. Akapakia magunia sita ya mchanga nyuma, na kweli likatulia, likawa laini. Likashuka pia. Sasa nilikuwa nimelala chini yake nasoma thelathini na mbili, nikiwa nimebakiwa na siku mbili za likizo. Damu ilinichemka hadi masikioni.

Bado niko chini ya gari nikasikia mteja akiingia. Nilimjua kwa viatu vyake vya mpira, ni yule bwana wa kuku anayezungusha mayai kwenye maduka. Naye ana gari kuukuu kama letu, la aina ileile.

"Milimita, nataka unipandishie gari," alisema. "Njia ya kwangu imeharibika, tumbo linagusa chini. Lakini mayai yangu je? Hayatapasuka?"

"Wanaopasua mayai ni wale wanaoweka jani la lori," kaka alijibu, tena kwa sauti kavu ya mtu anayejua kazi yake. "Usikubali hata siku moja, litakurusha kama mpira. Unaongeza jani moja la pikapu, lenye upana uleule wa hayo yako. Unaweka shokapu ndefu kidogo, unarefusha na mpira wa breki usije ukakatika. Mbele na nyuma kwa pamoja. Hapo unapata sentimita nane, na gari linabaki laini. Majani ya pikapu ninayo hapa gerejini, mapya na ya zamani."

"Siku ngapi?"

"Moja na nusu."

Nilibaki pale chini, mgongo kwenye mafuta, nimeshika futi kamba. Mwanzoni sikuelewa nilichosikia. Kisha nikaelewa, na nikajiona mjinga kuliko mtu yeyote. Mtu anayeitwa Milimita hasahau kwamba gari lina mbele. Hachukui jani la lori akaliweka kwenye gari la mgonjwa wa nyonga kwa bahati mbaya. Kosa kama hilo angelifanya fundi asiyejua kitu, au fundi anayejua sana na hataki kazi iishe.

Bwana wa kuku alipoondoka nikatoka.

"Kaka, unanifanya mimi mtoto?"

"Nini tena?"

"Siku moja na nusu! Mayai siku moja na nusu, Mama wiki tatu! Nimemaliza likizo yangu napima upuuzi wako. Mama anakunja nguo na kukunjua kama mwendawazimu. Hutaki aende, si useme? Una mdomo!"

Safari hii hakutafuta kitambaa. Alisimama na mikono yake myeusi ikining'inia, akatazama dirisha la chumba cha Mama, kisha akasogea karibu yangu.

"Wewe ulikuwa mbali," alisema kwa sauti ya chini. "Tulikwambia alipatikana mapema. Hakupatikana mapema. Alianguka saa nne asubuhi. Mimi nilifika saa kumi jioni, na nilifika kwa sababu tu nilimpelekea mkaa. Saa sita, mdogo wangu. Yuko sakafuni, amejivuta hadi kwenye ndoo, ameshindwa kuifikia. Midomo imekauka. Unajua aliniambia nini? Aliniambia samahani, hajapika. Sasa niambie niharakishe. Niharakishe nimrudishe kwenye sakafu ileile?"

Hasira yangu ilikuwa bado ipo mwilini lakini haikujua iende wapi. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi kwa kunificha miezi yote mitatu.

"Nyie mnanong'ona kama watu wanaopiga nyundo."

Mama alikuwa mlangoni, ameshikilia fremu yake ya kutembelea. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Wifi alikuwa nyuma yake, ameinua mikono tayari kumdaka.

"Mama, rudi ukae," kaka alisema.

"Nimekaa miezi mitatu." Akasogea hatua moja, fremu kwanza, kisha mguu. "Baba, mimi nilikaa na fundi magari miaka arobaini, ndiye aliyekuzaa. Jani la lori nalijua. Siku ile ulipolichomeka nilichungulia dirishani, nikasema haya, bado huyu hajawa tayari."

"Na khanga ulizokuwa ukizikunja?" nilimuuliza. Nilikaribia kulia kwa hasira. "Na mimi nakuja kukwambia funga, kukwambia fungua?"

"Wewe nawe, ningekwambia ungepiga kelele, ningefanyaje? Nilimwachia ndugu yako wiki zake. Alikuwa anazihitaji kuliko mimi. Sasa zimetosha." Akamgeukia kaka. "Nitaweka simu shingoni. Jirani atapita asubuhi na jioni, nimeshaongea naye. Naweza nikaanguka tena, sikudanganyi. Hata hapa kwako naweza kuanguka."

Kaka alifumba macho.

"Halafu unanitengenezea mimi gari la nini?" Mama aliendelea. "Mimi ule mwamba naupita mara moja tu. Wewe ndiye utakayeupita kila wiki kuja kuniona. Kwa hiyo tengeneza gari la mtu anayekuja."

Wifi aliingia ndani akijifuta uso kwa upindo wa khanga. Kaka alikwenda kwenye lile gari, akafungua nyuma, akashusha gunia la kwanza la mchanga, kisha la pili. La tatu nilimsaidia, nikimlaani njia nzima.

Alifanya kazi siku moja na nusu. Aling'oa majani ya lori akaweka ya pikapu, mbele na nyuma kwa pamoja. Alitandaza gazeti akapanga nati zake juu yake, na nilipolikanyaga kwa bahati mbaya alinifokea kama zamani. Alichomelea na kikanyagio cha pembeni, cha chini kabisa, na akamfanya mkewe akipande na kushuka mara kumi kabla ya kumwita Mama.

Tulifika kwenye mwamba adhuhuri, siku ya mwisho ya likizo yangu. Mama alikuwa amekaa mbele na mito miwili chini yake, mimi nyuma nimekumbatia fremu. Kaka alisimamisha gari, akashuka, akautazama mwamba, akarudi. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka taratibu upande wa pili. Niliuma meno nikingoja lile jiwe likwaruze tumbo la gari. Halikukwaruza. Ya nyuma nayo yakapanda, yakashuka, na gari likaendelea kwenda.

Nilitaka kusema "Hatimaye!" tena kwa ukali, lakini nilimwona kaka kwenye kioo. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mama alimfuta kwa ncha ya khanga yake, bila haraka, kama anavyofutwa mtoto aliyekula uji.

"Tazama mbele, baba," alimwambia. "Hii njia uishike vizuri. Jumamosi nakungoja."