Waya wa Elfu Sitini

"Weka mwingine," Vitus alisema, kabla wimbo haujafika hata kiitikio.

Rabson akachomoa waya wa spika wa elfu tano, akachomeka wa elfu ishirini. Duka lake la Mwanjelwa lilikuwa finyu, na redio na spika ambazo Vitus alizileta kwenye gunia kutoka Uyole zilikuwa zimeziba mlango. Kwaya ikaanza upya. Besi wakanguruma, teno wakaingia, na pale sauti ya kwanza inapopanda, Vitus akakutana na kimya.

"Bado. Sauti ya kwanza inakatika."

"Mwalimu, mbona inasikika?"

Miaka ishirini na miwili alikuwa mwalimu wa kwaya ile. Katika waimbaji arobaini, alikuwa anamjua mmoja aliyeteleza. Lakini Jumapili iliyopita sauti ya kwanza waliharibu vibaya, waumini wakageuka kutazamana, naye akaendelea kuwaongoza huku anatabasamu. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Akajiapiza kuwa ni redio ya nyumbani, anayojifunzia nyimbo, ndiyo inayompotosha, waya umechoka. Pasaka ilibakiza wiki mbili. Bila kwaya Vitus alikuwa mlima viazi tu, na viazi kila mtu Uyole alilima.

"Upo wa elfu sitini," Rabson alisema. "Ila kusema ukweli, mwalimu…"

"Uweke."

"Baba Yotamu," mkewe Matilda alinong'ona nyuma yake, "hela niliyoshika ni ya mbolea." Vitus hakugeuka. Matilda akamgusa bega, akarudia maneno yake kwa sauti.

"Mama Yotamu, niache!"

Rabson akauchomeka, akaongeza sauti mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Muuza ndizi wa ng'ambo akaziba masikio. Vitus alitokwa na jasho, na baridi yote ile ya Mbeya. Akamtazama mkewe. Matilda, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa anafuatisha wimbo bila kujijua, kinywa wazi, amefika juu kabisa. Vitus hakusikia kitu.

"Hauna… wa bei zaidi ya huu?"

Rabson akafungua mdomo. Matilda akamtikisia kichwa, kisha akasogea mbele ya mumewe mpaka nyuso zao zikaelekeana.

"Huu uko sawa," alisema, polepole na kwa nguvu. "Hata mimi nimesikia tofauti. Mfungie, kaka."

Akainama kufungua fundo la kanga. Alikuwa amelikaza mno, ikabidi atumie meno.