Mbegu Zisizoamka

Kwa miaka kumi na moja Fundi ndiye aliyeishika maabara ile, ingawa kibao cha mlangoni kilikuwa cha Profesa. Yeye ndiye aliyechanganya maji ya chumvi, aliyesafisha matangi, aliyewalisha mwani shokowe, wale wanyama wa baharini walio mviringo na wenye miiba kama mto wa sindano. Wanafunzi walikuja wakaondoka, na wote walipokwama walimwendea yeye kwanza.

Kwa hiyo wifi yake, mdogo wa mumewe, alipotafuta mahali pa kusomea uzamivu, Fundi ndiye aliyemwombea nafasi kwa Profesa. Akamfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe: namna ya kumdunga shokowe sindano ya chumvi ya potasiamu pembeni mwa mdomo, kumpindua juu ya kikombe na kusubiri. Jike hutoa mayai kama mchanga laini wa rangi ya manjano. Dume hutoa manii meupe, mazito kama maziwa ya mgando. Mbegu zilizomo humo zimelala, akamweleza, kwa sababu ndani yake mna uchachu unaozizuia. Zikitiwa kwenye maji ya bahari, sodiamu inaingia, uchachu unatoka, na mikia inaanza kupiga.

"Usiziamshe mapema, wifi," alimwambia. "Zikishaamka hazilali tena. Zinakimbia mpaka zinakwisha."

Wifi alicheka, akaandika.

Mwaka haukuisha kabla mambo hayajageuka. Wifi alianza kutengeneza maji yasiyo na sodiamu, kisha kuirudisha kidogo kidogo, akipima ni kiasi gani hasa kinachoziamsha mbegu za aina ile ya shokowe. Hakuna aliyewahi kuipima aina hiyo. Profesa, ambaye kwa kawaida sifa zilimtoka kwa shida kama jino, akawa hapitishi asubuhi bila kwenda kuinama juu ya hadubini ya binti yule. Jumapili, mezani kwa mama mkwe, hadithi ikawa moja tu. Mama mkwe alimwambia kila mgeni kwamba mwanawe amegundua jambo. Mume wa Fundi aliitikia kwa kichwa, ametabasamu hadi masikioni. Hakuna aliyeuliza maji ya kugundulia yalichanganywa na nani.

Fundi alijikaza kisabuni. Alisifu pamoja na wanaosifu, akapakua chakula. Kilichomkera zaidi ni kwamba wifi mwenyewe hakuwa na majivuno. Angekuwa na maringo, ingekuwa rahisi kumchukia.

Siku moja akakumbuka kitu kilichomfanya aache matangi na kwenda kabatini kwenye madaftari yake ya zamani. Miaka saba nyuma aliwahi kukosea kopo, akatengeneza maji kwa chumvi nyingine badala ya ile ya sodiamu, na mbegu zikakataa kuogelea. Basi jambo lenyewe aliliona yeye kwanza! Alifunua kurasa harakaharaka, na kichwani tayari alikuwa amesimama mbele ya Profesa, daftari mkononi. Akaipata tarehe. Mwandiko ulikuwa wake, wazi kabisa: *Mbegu hazitembei. Maji mabaya. Nimemwaga.*

Alisoma mara mbili, akalirudisha daftari. Kama angeibiwa, angekuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo kijicho chake hakikuwa na pa kupumzikia.

Ikafika siku ya jopo. Walimu watatu wa idara nyingine walikuwa waje saa nne asubuhi kuona kazi kwa macho yao, kisha waamue kama wifi apewe nafasi ya kuendelea. Msimu wa kuzaa wa shokowe ulikuwa ukingoni, na asubuhi hiyo, kati ya madume tisa aliowadunga wifi, ni mmoja tu aliyetoa manii. Wifi aliyaweka kwenye kichupa, akakichomeka kwenye bakuli la barafu, akakimbilia kuwapokea wageni. Kwa haraka ile hakukiziba vizuri.

Fundi alikuwa akifuta meza. Aliona barafu ikiyeyuka na kichupa kikianza kuinama. Kizibo kilikuwa kimening'inia, na maji ya barafu yalikuwa yamefika karibu kabisa na mdomo wa kichupa. Maji ya bomba yale, yasiyo na chumvi, yangezipasua mbegu zote. Ilihitaji vidole viwili tu kukisimamisha. Alisimama na kitambaa mkononi, akakitazama kikiinama. Kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mbele ya wageni wifi alikichukua kichupa bila kukitazama, akadondosha tone kwenye maji ya bahari mazuri, yale ambamo mbegu zilipaswa kuchachamaa kama nyuki waliochokozwa. Hakuna kilichotikisika. Akaliweka tone jingine juu ya mayai. Yai likikutana na mbegu huinua utando unaolizunguka, kwa dakika moja hivi, na utando huo hufungia nje mbegu nyingine zote. Dakika moja ikapita, ikapita ya tatu, ya tano. Mayai yalikaa vilevile, uchi. Mgeni mmoja alisema kwa upole kwamba siku nyingine pia ipo. Profesa alizima taa ya hadubini. Fundi alitegemea kuona raha, lakini hakuiona.

Siku ya tatu akamkuta wifi ameinamia kompyuta, macho mekundu. Alikuwa anamwandikia Profesa barua: kwamba haamini tena vipimo vyake, huenda maji yake yalikuwa na kasoro tangu mwanzo, na anaomba kuyaondoa matokeo ya miezi minane yote. Tayari alikuwa amemwaga chupa zote za maji ya akiba.

Fundi alivuta kiti, akakaa.

"Maji yako yalikuwa mazuri," alisema. "Kichupa kiliingia maji ya barafu."

"Umejuaje?"

"Nilikiona kikiinama."

Wifi aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Lini?"

"Kabla hujaingia na wageni. Nilikiona, nikakiacha."

"Kwa nini, wifi?"

"Nilikuonea wivu," alisema. "Bado nakuonea."

Wifi aliifuta ile barua, neno kwa neno, kisha akafunga kompyuta. Alisema yeye hatamwambia Profesa, kwa kuwa hataki kazi yake isimuliwe kama ugomvi wa ukoo. Ila kaka yake lazima ajue, na atakayemwambia ni Fundi mwenyewe. Fundi akamwambia mumewe jioni ileile kabla hajavua viatu. Hakugombezwa. Kwa siku mbili mume alijipakulia chakula mwenyewe, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Jopo lilikubali kurudi baada ya wiki mbili. Safari hiyo madume wawili walitoa, na Fundi alikaa kando ya bakuli asibanduke. Tone lilipoingia majini mbegu ziliamka zote kwa pamoja, zikayavamia mayai, na utando ukainuka kwenye yai moja, kisha jingine, hadi kioo kizima kikajaa duara ndani ya duara. Wifi alipewa nafasi.

Kwa miezi minne wifi hakukanyaga nyumbani kwa Fundi na mumewe. Kazini alimwita "Fundi" kama wengine wote, naye Fundi aliitikia. Mama mkwe aliuliza kulikoni, akaambiwa ni kazi nyingi. Kisha Jumatatu moja wifi alisimama mlangoni na miwani yake ya kinga, akasema madume wanagoma kutoa, na mkono wake unatetemeka leo. Fundi alinawa, akachukua sindano. Walifanya kazi hadi mchana bila maongezi mengi. Profesa alipopita akasimama nyuma ya wifi na kusema, "Safi sana, binti." Fundi alisikia kile kitu kikimchoma tena kifuani, palepale pa siku zote. Akainua shokowe mwingine, akampindua juu ya kikombe, akamshikilia.