Pombe ya Kisima Kikavu

Mwaka ambao Kiogora alichimba kisima chake pale Chechelesi, Isiolo nzima ilipata kicheko cha bure. Alichimba kiangazi chote. Alishuka mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, akawasikia watu wa Nanyuki wakigombania bei ya viazi, halafu sururu ikagonga mwamba. Maji hakuyaona, hata ya kumnywesha kuku. Jirani yake Umuro, Mborana mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi, alikuja akasimama kando ya shimo, akatoa salaam aleikum kuelekea chini, akangoja mwangwi, kisha akasema kwamba kama si maji, basi angalau Kiogora amepata mtu wa kuongea naye.

Lakini shimo lilikuwa na baridi. Juu jua lilipasua vichwa, na kule chini mjusi aliyeingia saa sita mchana alitoka jioni akitembea kama mzee aliyelala bila blanketi. Kiogora aliikumbuka baridi hiyo siku baba mkwe wake alipomrudishia pombe.

Kiogora alikuwa Mmeru wa Tigania, mfuga nyuki, na alikuwa akiishi na Kaario kabla ndoa haijamalizwa. Walikuwa wametoroshana tu, kama vijana wengi. Kwa Wameru unaweza kuleta mbuzi, unaweza kuleta blanketi, lakini baba wa msichana asipokunywa pombe ya asali mbele ya wazee na kusema ameikubali, binti yake huhesabiwa ni wa kuibwa. Na binti wa kuibwa haingii kwa lango la baba yake. Kaario alipomkumbuka mamaye alitembea mpaka kwao Burat, akasimama nyuma ya zizi la ng'ombe, na mama na mtoto wakasemezana kupitia ua wa miiba kama watu waliokwenda kumwona mfungwa. Alirudi nyumbani na mikwaruzo mikononi. Kiogora aliiona mikwaruzo hiyo, na usiku usingizi ukampaa.

Basi mwaka wa 1972 akapika. Alitafuta asali ya migunga, akaichanganya na maji na yale matunda makavu ya mwegea yanayoiamsha ichachuke, akaifunika karibu na moto mpaka ikaanza kunong'ona. Aliipeleka Burat ikiwa na povu hadi shingoni. Baba mkwe, Mzee Baariu, alikuwa na ulimi ambao hata ng'ombe wake waliuogopa. Aliingiza mdomo kidogo tu kwenye pembe ya kunywea, akautoa, akatangaza kwamba pombe hii ni mbichi, na aliyeileta ni mbichi zaidi yake.

Hapo hapakuwa na jambo la ajabu. Kila mkwe hukataliwa mara ya kwanza. Ni heshima ya baba, aonyeshe kwamba binti yake hakuokotwa njiani. Mkwe hurudi nyumbani ameinamisha kichwa, akapika nyingine, akaja tena kwa unyenyekevu, na mzee akanywa mpaka akaimba. Kiogora alilijua hilo tangu utoto. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuitwa mbichi mbele ya shemeji wanaocheka kwenye viganja ni jambo jingine. Alifunika mtungi wake akasimama wima.

"Kama ni mbichi, Mzee, nitaingoja iive," alisema. "Utakunywa hii hii. Nyingine sipiki."

Wazee waligeuza nyuso. Pombe ya asali ni kitu cha siku chache, na kila mtu anajua. Ukiichelewesha inageuka siki, na siki haiozeshi mtu. Lakini Kiogora alifika Chechelesi, akaziba mdomo wa mtungi kwa nta ya nyuki zake, akaupaka nta mwili mzima kama mtoto anayepakwa mafuta, akauteremsha kisimani kwa kamba. Kiasi kilichobaki alikitia kwenye chupa akazipanga pembeni, ili awe akifungua moja moja kila mwaka na kusikia pombe imefika wapi.

Chupa zilikuwa hazijatulia. Alasiri moja zikaanza kulipuka kule chini, moja baada ya nyingine, na kisima kikazikuza sauti kama tarumbeta. Enzi hizo watu walikuwa bado na kumbukumbu ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini. Chechelesi yote ililala kifudifudi. Inasemwa kwamba kambini Burat wanajeshi walivaa viatu mguu usio wake, na kwamba mbuzi wa Umuro walipatikana kesho yake Kinna, wakiwa wamechoka na hawataki maswali. Chupa zilizosalia zilinyamaza. Mtungi haukuguswa.

Mwaka wa kwanza alifungua chupa na utamu wote ulikuwa umekwenda. Ulibaki ukali wa ndimu changa, ule wa kufunga jicho moja. Kaario alitema, na kuku aliyedonoa pale alipotema alitembea kinyumenyume mpaka magharibi. Mwaka wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Pombe ilinuka ngozi mbichi ya mbuzi iliyonyeshewa, na ladha yake ilikuwa kama kulamba bawaba ya mlango. Kaario alimwambia aimwage, apike nyingine, amalize. Alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kunyamaza siku nyingi. Kiogora mwenyewe hakuamini tena kwamba itaiva. Alikataa kuimwaga kwa sababu moja tu, kwamba Mzee Baariu angefurahi.

Hata mwaka wa tatu hakuna kilichobadilika. Ilikuwa mwaka uliofuata, karibu na Ramadhani, mjini akina mama wa Kisomali wakiuza tende kwa vikapu, alipong'oa nta akadhani amebeba harufu ya sokoni kwenye nguo. Alinusa shati. Alinusa chupa. Tende zilikuwa ndani ya chupa. Ule ukali ulikuwa umelala chini kama mbwa aliyemzoea mgeni, na juu yake palikuja moshi, na ukwaju, na kitu kama ngozi ya mkanda wa babu. Povu halikuwapo. Rangi, iliyokuwa ya uji, ilikuwa imetulia ikawa kama chai ya rangi iliyochujwa, na takataka zote zimekaa kitako. Ukimeza haikuondoka. Ilibaki mdomoni ikikuongelesha, na kila ilipokaribia kunyamaza ikakumbuka neno lingine.

Alimpelekea Umuro anuse tu, maana Umuro hakuwa mtu wa kuonja kitu hicho. Umuro alinusa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, kisha akaomba Mungu amsamehe pua yake.

Miaka ikaenda, binti yao Gatwiri akazaliwa. Kila chupa ilikuwa na habari mpya, na kila Kiogora alipotaka kuupeleka mtungi Burat, alionja tena akasema bado kidogo, maana sasa alitaka baba mkwe akose hata kijitundu cha kupitishia neno lake. Kaario alimwambia siku moja kwamba amesahau ni nani anayesimama nyuma ya zizi. Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa anatafuta kamba ya kuutolea mtungi amri ilipotoka redioni kwamba pombe zote za kienyeji ni marufuku. Huko Burat mitungi ilivunjwa. Anayepatikana nayo, apelekwe mahakamani.

Ndipo Mzee Baariu alipotuma ujumbe. Binti yake mdogo alikuwa amechumbiwa na karani, na mdogo hawezi kutolewa kabla ya mkubwa kumalizwa. Mzee alisema nyakati zimebadilika. Karani ataleta kreti za soda, Kiogora naye alete za kwake, wazee watakunywa, mambo yote mawili yaishe siku moja. Naibu wa chifu, Ekeno, Mturkana mwenye adabu na kofia safi, atakuwapo kama mgeni wa heshima, ashuhudie namna watu wanavyotii.

Njia ilikuwa imefagiliwa. Soda, na basi. Kiogora alimwangalia Kaario, maana safari hii aliona kwamba uamuzi si wake. Kama Kaario angesema soda, yeye angezibeba kreti kichwani. Kaario alikaa muda mrefu akikwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Baba Gatwiri, mdogo wangu apewe soda, ni sawa," alisema mwishoni. "Mimi sikusimama kwenye miiba miaka yote hiyo ndio niozwe kwa Fanta. Toa mtungi."

Kuutoa kulikuwa rahisi kuliko kuupeleka. Dualeh mwenye lori, aliyebeba kila kitu kutoka mifupa hadi jenereta, alisema kitu hicho hakipandi gari yake hata kikivaa kanzu. Umuro alisikitika, lakini punda wake alitoka familia ya dini. Basi Kiogora aliufunga mtungi kwa mkanda wa ngozi, akaupitisha mkanda kwenye paji la uso, akaubeba mgongoni jinsi wanawake wa Kimeru wanavyobeba kuni. Mwanamume kubeba hivyo ni kichekesho. Alipita nao barabarani mchana kweupe, Kaario mbele yake mikono mitupu, kanga mpya, kichwa juu. Waliocheka aliwasalimia kwa majina.

Burat walikuwa wameketi tayari. Kreti za karani zilikuwa zimepangwa kivulini, na karani amesimama kando yake kama mtu aliyezizaa. Kaario alisimama nje ya lango, kama ilivyo desturi. Kiogora aliingia, akautua mtungi mbele ya Mzee Baariu, akabandua nta kwa kisu. Ile harufu ilitoka taratibu ikawazunguka wazee mmoja mmoja.

Ekeno aliweka chini soda yake. Aliuliza ni nini iko kwa huo mtungi, na alivyouliza ilionekana angelipa mshahara wake apate jibu zuri.

Mzee Baariu alikuwa ameinama juu ya pembe iliyojazwa. Alinusa. Uso wake ulifanya jambo ambalo wanawe hawakuwahi kuliona, kisha akalifuta haraka. Alimtazama Ekeno, akamtazama mkwe wake, na ule ulimi wake ukapata mlango wa kutokea.

"Hii si pombe," alisema. "Haina povu. Hii ni asali tu, imezeeka."

Ekeno alishusha pumzi. Kama ni asali, alisema, serikali haina ugomvi na asali. Wazee wakaitikia, karani akaanza kufungua chupa. Kila mtu alikuwa amepewa njia ya kwenda nyumbani. Kiogora angeweza kuketi, akanywa Fanta, na jioni akalala kwake.

Lakini aliona kule langoni. Kaario alikuwa amesikia. Kama si pombe, basi pombe haijaletwa. Na kama haijaletwa, yeye angali wa kuibwa.

"Ni pombe," Kiogora alisema.

"Kiogora," Ekeno akamwambia kwa sauti ya chini, "fikiria. Mzee amekusaidia."

"Hajanisaidia, bwana naibu. Amenikwepa. Ni pombe, niliipika mimi mwenyewe, ni ile ile aliyoikataa akiwa na meno yote. Nimesema mbele yako na mbele ya wazee. Sasa amenusa, hajanywa. Anywe."

Ekeno alisimama akavaa kofia. Alisema kama ni pombe ataimwaga, na mwenye nayo atakwenda naye. Kiogora alisema hilo ni sawa, kila mtu ana kazi yake, lakini mzee anywe kwanza ndipo imwagwe. Ikabaki kwa Baariu. Angesema tena ni asali, hakuna ambaye angembishia. Alikaa na pembe mkononi, na wazee wakatazama viatu vyao.

Alikunywa. Si kwa ncha ya mdomo kama zamani. Alikunywa, akameza, akafumba macho, na akabaki hivyo mpaka mmoja wa wazee akadhani amekufa, akaanza kuvua kofia. Kisha akanywa tena, akaimaliza pembe.

"Ni pombe," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Nimeipokea. Mwite mtoto aingie."

Kaario akaingia kwa lango. Baba yake alichota tena, akajaza kinywa, akawapulizia wote wawili kifuani ile baraka ya matone wanayopewa maharusi, akawapulizia vizuri, bila ubahili. Mamaye alikuwa ametoka jikoni na unga mikononi, na hakungoja aitwe.

Ekeno aliushika mtungi, maana alikuwa amesema. Baariu hakumzuia. Alimwomba tu amwage polepole, hapo kulia mwa mlango, ambapo wazee waliokufa humwagiwa fungu lao, na asivuke jiwe lililowekwa alama hapo. Ekeno alimwaga alipoelekezwa mpaka mtungi ukakauka, na wazee wakavua kofia wote.

Barabarani kuelekea mjini walitembea wawili, mshikwa na mshikaji, hakuna pingu. Nyuma yao vigelegele vilikuwa havijaisha. Mkono wa shati la Ekeno ulikuwa umelowa wakati wa kumwaga, na kila walipofika kwenye kona aliupandisha puani kama mtu anayejipangusa jasho. Mwishowe alishindwa, akauliza kama huko kisimani imebaki hata chupa moja, ya ushahidi.

Kiogora alisema hakuna. Kisha akamwambia kwamba hakimu akimuuliza kama ni kweli, atajibu kweli, na akimuuliza kama anajuta, Ekeno asimame karibu, asikie mwenyewe.